Aneurizimu ya Ubongo: Mwongozo Kamili wa Kutibiwa na Kupona

Kila baada ya muda napigiwa simu, na simu hizo zinafanana. Upasuaji ulikwenda salama, mgonjwa akaruhusiwa, halafu vidonge vikaachwa kwa sababu fizi zilitoka damu. Au picha ya miezi sita haikupigwa kwa sababu "najisikia mzima". Au mtu alirudi kazini wiki ya tatu na ya nne ikamkuta kitandani. Daktari alimaliza kazi yake. Kilichoharibika ni ile sehemu iliyoachiwa mgonjwa na watu wake, na mwongozo huu ni wa sehemu hiyo.

Mimi si daktari. Mama yetu alifariki baada ya mshipa kupasuka kichwani. Miaka kadhaa baadaye dada yangu naye akapasukiwa, akawekewa koili (nyuzi za kuziba uvimbe huo), akapona. Kwa sababu yao nikapimwa, nikakutwa na aneurizimu, yaani mshipa uliotuna, ya milimita 8 ambayo haijapasuka, nikawekewa stenti, wavu mwembamba ndani ya mshipa. Nimeuguza na nimeuguzwa. Ukiona nilichoandika kinapingana na alichokuambia daktari wako, mfuate yeye. Yeye ameziona picha zako.

## Kama kichwa kimekuuma ghafla leo

Acha kusoma kama wewe au aliye karibu nawe amepata maumivu ya kichwa yaliyofikia ukali wake wote ndani ya sekunde au dakika moja, mabaya kuliko yoyote aliyowahi kuyapata. Nendeni hospitali yenye kipimo cha CT (mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa) sasa hivi. Mara nyingi huandamana na kutapika, shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho, kuzimia, au mwili kutukutika. Kope moja ikidondoka na mboni ya jicho hilo ikapanuka kuliko ya pili, hiyo nayo ni dharura hata kama kichwa hakiumi sana, kwani huenda uvimbe unaikandamiza neva ya jicho.

Usimpe aspirini. Usimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa na anaweza kuhitaji nusukaputi. Akipoteza fahamu, mlaze ubavu. Andika saa maumivu yalipoanza: CT huiona damu vizuri zaidi ndani ya saa sita za kwanza, baadaye inaanza kufifia kwenye picha. Ndiyo maana daktari anaweza kutaka kuchukua maji ya uti wa mgongo hata kama CT imetoka safi. Mkubalie.

Dada alisisitiza kwamba ni presha tu, akalale. Alikuwa amekaa kwenye sakafu ya bafu, mkono mmoja umeshika beseni, na hakukumbuka alifikaje pale.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la jalada gumu. Simu huishiwa chaji, na ndugu wanaopokezana zamu hawajui nywila yako.
- Picha zenyewe kwenye diski, si ripoti ya maandishi peke yake. Daktari wa pili hawezi kuamua kwa kusoma maneno ya daktari wa kwanza.
- Orodha ya dawa zote na vipimo vyake, pamoja na mitishamba na vidonge vya kununua bila cheti.
- Maelezo ya mzio, hasa kama uliwahi kuwashwa au kuvimba baada ya kudungwa dawa ya rangi ya picha, na majibu ya kipimo cha figo.
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hudanganya kirahisi.
- Kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku saba.
- Shati la vifungo mbele, kwa atakayepasuliwa kichwa. Siku ya kwanza utanishukuru.
- Mtu mmoja wa kuongozana nawe kwenye kila miadi, mtulivu, anayejua kuandika haraka.

## Hatua ya 1: Ijue aneurizimu yako

Aneurizimu ni sehemu ya ukuta wa mshipa wa damu iliyodhoofika ikatuna, kwa kawaida pale mshipa unapogawanyika. Watu wazima wapatao 3 kati ya 100 wanayo, na wengi wao hawatajua mpaka wanakufa kwa jambo lingine. Kwa hiyo jamaa anayekuambia umebeba bomu kichwani, mwombe anyamaze. Hofu hupandisha presha, na presha ndiyo adui halisi.

Andika mambo manne kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: ukubwa kwa milimita, iko kwenye mshipa gani, umbo lake (laini au lenye vinundu), na shingo yake ni nyembamba au pana. Aneurizimu iliyo chini ya milimita 7 kwenye mishipa ya mbele mara nyingi ina hatari ndogo ya kupasuka. Ya mishipa ya nyuma, yenye umbo la vinundu, au iliyokua kati ya picha moja na nyingine, inahofiwa zaidi.

Usishangae ukiambiwa ifuatiliwe tu. Kufuatilia ni matibabu: picha baada ya miezi kadhaa, kisha kila mwaka au kila miaka michache, presha chini ya ulinzi, na sigara kuachwa kabisa. Sigara siipi nafasi ya mjadala. Inachangia aneurizimu kutokea, kukua na kupasuka.

Umemaliza hatua hii ukiweza kumweleza mtu aneurizimu yako kwa sentensi mbili bila kufungua faili.

## Hatua ya 2: Chagua njia pamoja na daktari

Njia ni tatu, na kila moja inakupa aina yake ya kupona.

Klipu. Daktari anafungua kipande cha fuvu, anabana shingo ya aneurizimu kwa klipu ndogo, kwa kawaida ya titani, kisha anarudisha mfupa na kuushika kwa vibamba na skrubu. Ni upasuaji mkubwa, lakini ikishabanwa vizuri ni nadra kurudi.

Koili. Katheta, yaani mrija mwembamba, inapitishwa kutoka kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi ubongoni, na nyuzi laini za platinamu zinajazwa ndani ya uvimbe ili damu iliyomo igande. Unapona haraka. Kasoro yake ni kwamba koili zinaweza kushindiliana na damu ikapata upenyo tena.

Stenti ya kugeuza mkondo. Wavu mwembamba unalazwa ndani ya mshipa, damu inapita kando ya uvimbe, nao unaziba polepole kwa miezi. Hii ndiyo yangu. Inadai vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda, na haina msamaha ukivikosa.

Kwa waliopasukiwa, utafiti mkubwa uitwao ISAT, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha wagonjwa 2,143 ambao njia zote mbili, klipu na koili, ziliwafaa. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa karibu 24 kati ya 100 upande wa koili na karibu 31 kati ya 100 upande wa klipu. Usiusome kana kwamba koili ni bora kwa kila mtu. Shingo pana au mshipa uliojipinda hugeuza hesabu yote.

Maswali ya kuuliza, na majibu uyaandike hapo hapo: Kwa nini njia hii na si ile? Wewe mwenyewe unafanya ngapi kwa mwaka? Hatari ya kiharusi au kifo kwa mtu kama mimi ni kiasi gani? Nikiiacha, hatari yangu kwa miaka mitano ni ipi? Daktari anayekerwa na swali la pili, mtafute mwingine kama aneurizimu haijapasuka na muda unao.

## Hatua ya 3: Wiki moja kabla

Kama unawekewa stenti, utaanzishiwa vile vidonge viwili, aspirini na klopidogreli, siku kadhaa kabla, ili ikiingia ikute damu haigandi ovyo. Omba kipimo cha damu kinachoonyesha kama klopidogreli inakufanyia kazi, kwa sababu kuna watu mwili wao hauitumii ipasavyo, na wakigundulika hubadilishiwa dawa.

Hapa watu huteleza: vidonge vya tumbo. Omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Kama una vidonda vya tumbo, sema mapema upewe dawa nyingine. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, aulize kama aisimamishe kwa ajili ya dawa ya rangi, hasa kama figo zake ni dhaifu. Mwanamke anayehisi huenda ni mjamzito aseme kabla ya mionzi.

Chakula kinasimama angalau saa sita kabla ya nusukaputi. Maji, fuata muda utakaopewa. Vidonge vya asubuhi uliza kimoja kimoja, maana vya presha na vya kuzuia damu kuganda mara nyingi huendelea kumezwa kwa funda la maji.

## Hatua ya 4: Siku yenyewe

Utalala, utaamka, na utaulizwa maswali ya kipuuzi: jina lako nani, tuko mwezi gani, tabasamu, bana vidole vyangu, inua mguu. Yatarudiwa usiku kucha. Usiyachoke. Muuguzi anatafuta tofauti kati ya jibu la saa tatu na jibu la saa nne.

Ukipitishiwa katheta kinenani utalala chali, mguu umenyooka, kwa saa kadhaa. Mguu ukipata baridi, ukifa ganzi, au ukihisi unyevunyevu wa moto chini ya bandeji, piga kelele, usione haya. Ya kwenye kifundo cha mkono ina usumbufu mdogo zaidi.

Aliyefunguliwa fuvu awaandae ndugu kwa sura atakayokuwa nayo. Siku ya pili au ya tatu jicho la upande huo linaweza kuvimba hadi kufumba kabisa, kisha linashuka. Kutafuna kutauma, kwa sababu misuli ya panja iliguswa. Anza taratibu mazoezi ya kupanua mdomo mara tu utakaporuhusiwa. Baadaye unaweza kusikia mfupa ukitoa mlio mdogo kichwani unapounga. Wengi hudhani skrubu imelegea, lakini kwa kawaida si hivyo.

Dalili njema: unazungumza kama jana, mikono na miguu ina nguvu sawa, na umekaa kitandani ndani ya siku moja au mbili.

## Hatua ya 5: Wiki mbili za hatari, kwa waliopasukiwa

Kama aneurizimu haikupasuka, ruka hadi hatua ya 6.

Ndugu wengi hushusha pumzi mshipa ukishazibwa. Bado mapema. Damu iliyomwagika huikera mishipa ya jirani, na kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi mishipa hiyo inaweza kujikaza mpaka sehemu ya ubongo ikakosa damu. Ndiyo maana mgonjwa anazuiwa hospitalini huku "anaonekana mzima".

Kinga yake ni nimodipini, kwa kawaida miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21, usiku na mchana. Mgonjwa ataamshwa saa nane za usiku, na ni sawa. Presha ikishuka mno, daktari anaweza kugawa dozi ikawa ndogo zaidi kwa kila saa 2. Uamuzi huo si wa ndugu. Akiruhusiwa kabla siku 21 hazijaisha, hakikisheni mnaondoka na vidonge vilivyobaki na ratiba iliyoandikwa.

Mambo mengine mawili hujitokeza. Maji ya ubongo yanaweza kuziba njia na kujaa, mgonjwa akawa mzito wa kuamka, na ikabidi awekewe mrija wa kuyatoa. Chumvi ya damu nayo inaweza kushuka na kumchanganya. Msimpunguzie chumvi wala msimnyweshe maji kwa ubunifu wenu.

Kazi ya anayekaa kando ya kitanda ni kugundua mabadiliko madogo. Siku ya tano ya dada hospitalini, baada ya chakula cha jioni, niliandika kwenye daftari: "Saa 3:40. Kijiko anakiita funguo. Mara mbili. Anacheka." Dakika kumi kabla alikuwa amekitaja sawasawa. Nilimwita muuguzi nikiona aibu kwa jambo dogo vile. Usiku ule ule wakapima, wakakuta mishipa inajikaza, wakaipandisha presha yake makusudi kwa dawa, na asubuhi kijiko kikawa kijiko.

## Hatua ya 6: Wiki mbili za kwanza nyumbani

Usinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 hivi mpaka uruhusiwe. Usiloweke kidonda cha kinenani kwenye maji ya kukaa. Kuoga kwa maji yanayotiririka kunatosha. Damu ikitoka hapo, lala chali, bonyeza kwa nguvu bila kuachia kwa dakika kumi au zaidi, na mtu aite msaada.

Choo kikifunga, omba dawa ya kulainisha mapema. Kujikamua hupandisha presha kichwani, na dawa za maumivu zenye kodeini hufunga choo kama saruji. Kwa kichwa kinachouma, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Ibuprofeni na jamaa zake ziache mpaka daktari aseme.

Pima presha asubuhi na jioni, ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, uandike. Mwambie daktari akupe namba ya juu utakayopiga simu ukiivuka, na namba ya chini vilevile.

Rudi hospitali upesi kwa haya: mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kukataa kutoka, mtukutiko, maumivu mapya ya ghafla, homa, usaha au maji maangavu kutoka kwenye mshono au puani, na uvimbe wa kinena unaokua.

## Hatua ya 7: Vidonge, mahali pa ajali nyingi

Kama una stenti, hili ndilo somo. Mpaka utando mpya uote juu ya wavu, damu inauona kama kitu kigeni na inataka kugandia hapo. Ikiganda ni kiharusi. Ndiyo sababu vidonge viwili huendelea kwa miezi kadhaa, kwa kawaida mitatu hadi sita au zaidi, kisha kimoja kinaondolewa na aspirini kubaki kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yote.

Utapata madoa ya samawati mikononi bila kugongwa. Fizi zitatoka damu ukipiga mswaki. Mimi nilitokwa damu puani kwa dakika ishirini asubuhi moja, nikasimama mbele ya sinki nikiwa na kichupa cha klopidogreli mkononi, nikitaka kukitupa. Nilimpigia muuguzi wa kliniki. Akaniambia niiname mbele, nibane pua sehemu laini, nisimeze damu, na kidonge cha siku hiyo nikimeze kama kawaida.

Damu ndogondogo ni bei ya kawaida. Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, au damu ya pua isiyokoma si kawaida, nenda hospitali. Hata hapo uamuzi wa kusimamisha ni wa daktari aliyekuwekea stenti.

Daktari wa meno akikuambia uache vidonge siku saba ili akung'oe jino, mpe simu ya kliniki yako wazungumze wao. Nunua dozi ijayo wakati zimebaki za siku kumi, si za kesho. Ukisahau kimoja, meza unapokumbuka, usimeze viwili kufidia.

## Hatua ya 8: Uchovu na kichwa kizito

Hakuna aliyetuonya vya kutosha kuhusu hili. Uchovu huu haufanani na wa kazi. Usingizi peke yake hauumalizi. Dada aliamka, akaoga, akavaa, na hapo siku yake ikawa imekwisha. Mlio wa sahani zikipangwa ulimfanya alie. Angeanza kuchemsha chai, akaenda kutafuta kikombe, akarudi kukaa, na birika likaungua. Tulipiga simu kutafuta tatizo jipya, tukaambiwa ndiyo kupona kwenyewe.

Kilichomsaidia ni kugawa siku vipande. Kazi moja, mapumziko ya nusu saa kwenye chumba chenye giza na kimya, kisha kazi nyingine. Pumzika kabla hujachoka. Ukingoja uchoke, umeshachelewa na kesho utalipa. Wageni wawili kwa wakati mmoja, dakika ishirini. Jikoni tuliweka saa ya kengele, na birika halikuungua tena.

Waliotibiwa bila kupasuka, kwa katheta, wengi hurudi kwenye shughuli ndani ya wiki chache. Klipu huhesabiwa kwa wiki sita hivi au zaidi. Waliopasukiwa wajipangie miezi, na kwa baadhi uchovu na usahaulifu huvuka mwaka. Rudi kazini kwa nusu siku, siku tatu kwa wiki, kwanza. Kuendesha gari kunategemea sheria za unakoishi, na kama ulipata mtukutiko muda wa kusubiri huwa mrefu zaidi. Uliza kabla ya kugusa funguo. Tendo la ndoa na kusafiri kwa ndege navyo viulize waziwazi, madaktari hawashtuki.

Huzuni na hofu huja pia, mara nyingi baada ya wageni kuacha kuja. Kila kichwa kinapouma unadhani kimepasuka tena. Mweleze daktari kama unavyomweleza homa. Yanatibika.

## Hatua ya 9: Picha za ufuatiliaji

Usitoke hospitali bila tarehe ya picha ya kwanza. Kwa koili na stenti mara nyingi huwa karibu miezi sita, kisha nyingine baada ya mwaka au miwili, na kuendelea kadiri itakavyoonekana. Huwezi kuhisi koili zikishindiliana. Kujisikia mzima hakuna linalokuambia kuhusu mshipa.

Dai kadi inayoonyesha aina ya klipu, koili au stenti uliyowekewa. Utaulizwa kila unapotaka kuingia kwenye mashine ya picha ya MRI, kwa sababu sumaku yake haichezi na chuma. Vifaa vya siku hizi kwa kawaida vinaruhusiwa, ila fundi hatakubali neno lako. Piga kadi picha, halisi iweke kwenye pochi.

## Hatua ya 10: Ndugu wa damu

Familia ikiwa na watu wawili au zaidi wa karibu, yaani wazazi, watoto au ndugu wa tumbo moja, waliopata aneurizimu, waliobaki wapaswa kuzungumza na daktari kuhusu kupimwa. Wenye ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vingi vya maji nao waulize. Kipimo ni MRA (picha ya mishipa kwa mashine ya MRI) au CT ya mishipa, na kikitoka safi kwa kawaida hurudiwa baada ya miaka kadhaa, kwa sababu aneurizimu huota ukubwani.

Kaka yetu alikataa mara mbili. Mara ya tatu sikubishana naye. Nilimpa daftari la dada, nikamfungulia ukurasa wa siku ya tano, nikaenda kuosha vyombo. Alipima wiki ile ile. Picha yake ilikuwa safi, na tarehe ya kurudia, miaka mitano mbele, ameiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho.